Mombasa na Ngome ya Wareno: Yaliyobomoka na Yaliyobaki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Qurani Tukufu yawaamrisha watu watembee katika ardhi, wautazame mwisho wa wale waliowatangulia. Kwa hiyo safari ya kutazama magofu si upuuzi wala si kupoteza nauli, maadamu msafiri amekwenda na akili yake pamoja na macho yake. Na katika miji ambayo mtu wa Musinzira aweza kuifikia kwa njia ya nchi kavu, hapana mji unaofundisha jambo hili kuliko Mombasa. Wenyeji huuita Mvita, kwa jina la Shehe Mvita anayetajwa kuwa miongoni mwa waasisi wake. Bali wengi walisikiapo jina hilo husikia ndani yake neno vita, wala hawalaumiwi.

Msafiri hutoka Gitega, akapita Muyinga, akavuka mpaka wa Kobero, akaikata nchi ya Tanzania kuelekea Bahari ya Hindi. Akifika Tanga hupanda kaskazini hadi mpaka wa Horohoro, akapita Lunga Lunga, na mwisho husimama Likoni, akingojea kivuko cha kumvusha mpaka kisiwani. Safari hiyo yamchukua siku kadhaa katika basi. Zamani, misafara iliyounganisha pwani na Ujiji ilikwenda kwa miguu muda wa miezi, na kwa njia hizo Kiswahili na Uislamu vilifika kwenye Ziwa Tanganyika, vikaingia Rumonge na Usumbura, na baadaye vikapanda milima hadi Gitega. Kwa Mwislamu wa Musinzira, basi, kwenda pwani ni kama kuufuata mto kwenda kuitazama chemchemi yake.

Naye akifika Mombasa, jambo la kwanza aonyeshwalo ni ngome kubwa ya mawe iliyojengwa na Wareno, iitwayo Fort Jesus. Hapo kuna hatari ya kurudi nyumbani na moja ya kauli mbili. Ya kwanza ni kusema, "Nimeona ngome ya makafiri waliowaua Waislamu." Ya pili ni kusema, "Nimeona kazi ya Wazungu walioleta ustaarabu." Kauli zote mbili zina upungufu, na mwenye kuzipokea bila kupima huwafundisha watoto wake chuki au unyonge. Makala haya yanakusudia kueleza ni nini hasa kilichotokea katika mji huo, na ni nini kilichobaki.

MJI KABLA YA WARENO

Mombasa haikuanzishwa na Wareno. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, yaani zaidi ya miaka mia na sitini kabla ya Mreno wa kwanza kuonekana. Aliwakuta watu wa dini, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa uangalifu, na visima milangoni ili mtu aoshe miguu kabla ya kuingia. Akaandika kwamba chakula chao kikuu kilikuwa ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka kwingineko.

Msomaji wa Gitega na atulie hapa kidogo. Ndizi na samaki! Hakutaja mahindi wala mihogo. Jambo hili litarejewa mbele, kwani ndani yake mna sehemu kubwa ya maelezo yenyewe.

Baada ya Ibn Battuta mji ulizidi kukua. Majahazi yalifika na pepo za kaskazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, yakarudi na pepo za kusi yakiwa na pembe za ndovu na bidhaa nyinginezo za Afrika. Kila mji wa pwani ulikuwa na mfalme wake, na miji hiyo ilishindana. Mombasa na Malindi hasa hazikupatana. Ushindani huo ndio mlango ambao mgeni aliupata wazi.

KUJA KWA WARENO

Tarehe 7 Aprili 1498, Vasco da Gama alitia nanga nje ya bandari ya Mombasa, akiwa njiani kuitafuta India. Pande zote mbili zilishukiana, na baada ya siku chache akaondoka. Alipofika Malindi, mfalme wa huko alimpokea vizuri na kumpa mwanamaji mjuzi wa njia, ambaye alimfikisha Calicut mwezi wa Mei mwaka uo huo. Malindi ilimkaribisha Mreno kwa sababu Mombasa ilimkataa, na Wareno hawakuisahau tofauti hiyo.

Miaka saba baadaye walirudi kwa silaha. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipiga Kilwa, kisha akaja Mombasa, akaupora mji na kuutia moto. Watu wakaujenga upya. Mwaka 1528 akaja Nuno da Cunha, naye akauteka na kuuchoma. Watu wakaujenga tena. Mwaka 1589 Mombasa ilipatwa na msiba mkubwa zaidi. Mturuki Ali Bey alikuwa amefika na merikebu zake, na wenyeji walimtumaini awakinge na Wareno. Lakini manowari za Wareno zilikuja kutoka Goa, na kwa upande wa bara jeshi la Wazimba lilikuwa limefika kwenye kivuko. Mji ukabanwa baina ya maadui wawili, ukaanguka.

Mfalme wa Malindi, rafiki wa Wareno, akahamia Mombasa kutawala. Tarehe 11 Aprili 1593 ujenzi wa ngome ukaanza katika mwamba wa matumbawe, mlangoni mwa bandari. Ramani ilichorwa na mhandisi Mwitaliani, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwatumikia Wareno huko India. Mafundi wa mawe waliletwa kutoka Bara Hindi, na vibarua walitoka Malindi. Ngome ilipewa jina la Yesu.

Jina hili limewatatiza Waislamu wengi, na yafaa lielezwe. Yesu ni Nabii Isa bin Maryamu, amani iwe juu yake, ambaye Mwislamu hana imani kamili pasipo kumwamini. Aliyeliandika jina la Nabii juu ya nyumba ya mizinga ndiye wa kuulizwa juu ya mizinga hiyo, wala Nabii hana hatia. Kadhalika wafuasi wake walio majirani katika Gitega na Muyinga hawakuijenga ngome ile wala hawakuupora mji wa Mvita. Katika nchi ambamo Waislamu ni wachache na Wakristo ni wengi, watu wanaokopeshana chumvi na kuzikana, habari za mwaka 1505 hazifai kuwa kuni za kuwashia moto wa leo.

HABARI YA YUSUF BIN HASAN

Katika habari zote za ngome, hapana iliyo nzito kuliko ya Sultani Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, alikosana na kapteni wa Wareno, akakimbilia bara, na huko aliuawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno. Mwanawe, akiwa mtoto mdogo, alichukuliwa Goa. Huko mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino walimlea, wakambatiza, wakampa jina la Dom Jerónimo. Alijifunza lugha yao, adabu zao na vita vyao. Alipokuwa mtu mzima alirejeshwa Mombasa awe mfalme, akivaa mavazi ya Kireno na kusali kwa Kireno.

Wareno walidhani wamemaliza kazi. Lakini mfalme alikuwa mgeni katika mji wake mwenyewe. Raia Waislamu hawakumwamini kwa sababu ya dini yake mpya. Kapteni Pedro Leitão de Gamboa naye hakumheshimu. Yasimuliwa kwamba mfalme alikuwa akienda kwa siri kwenye kaburi la baba yake, akiomba dua kama waombavyo Waislamu, na kwamba habari hiyo ilimfikia kapteni. Mfalme akaona kuwa atakamatwa apelekwe Goa kuhukumiwa.

Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni kwa mkono wake, akaitwaa ngome. Akarudia jina la Yusuf na dini ya baba zake. Mwaka uliofuata Wareno walileta manowari kutoka Goa, wakapigana, wakashindwa kuitwaa ngome. Hata hivyo Yusuf hakukaa. Mwezi wa Mei 1632 aliibomoa aliyoweza kuyabomoa, akachukua mizinga, akapanda merikebu na kwenda zake, akawa mtu wa baharini hadi kufa kwake. Wareno wakarudi wakaikuta ngome tupu. Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno, yaonekanayo hata leo, yanayomtaja Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni mwaka 1635 akaitengeneza ngome upya.

Wako wanaomsifu Yusuf kama shujaa asiye na doa. Haki yataka mambo yote yatajwe. Baada ya kuuawa kapteni, Wareno wa mjini walikimbilia nyumba ya watawa wa Augustino, na humo na nje yake waliuawa wengi, wanawake na watoto wakiwamo, na Waafrika waliokuwa wamebatizwa pia. Sheria ya Kiislamu hairuhusu kumwua mwanamke, wala mtoto, wala mtawa aliyejifungia katika ibada yake. Dhuluma aliyotendewa Yusuf ilikuwa kubwa. Lakini dhuluma haiwi halali kwa sababu mwenye kuitenda ameanza kudhulumiwa. Mwalimu anayesimulia nusu ya kwanza akaificha ya pili, amewapa wanafunzi wake kisu akawanyima ala.

Pamoja na hayo, limo fundisho kwa wazazi. Mtoto aweza kubadilishwa jina, nguo na lugha, na moyo wake ukabaki kaburini kwa baba yake. Wanaomlea mtoto wa wengine kwa kumtenga na walio wake, huku wakidhani wanamjenga, hawajui wanachokijenga.

KUZINGIRWA KWA NGOME

Mwaka 1650 Waomani waliwafukuza Wareno katika Maskati, na tangu hapo watu wa pwani wakawa na mahali pa kuomba msaada. Mwezi wa Machi 1696 merikebu za Imamu Saif bin Sultan zilifika Mombasa, ngome ikazingirwa. Mzingo huo ulidumu miezi thelathini na mitatu.

Waliouua ulinzi wa ngome hawakuwa Waomani peke yao. Maradhi na njaa viliua zaidi ya risasi. Msaada ulipofika haukutosha. Merikebu ya vita iitwayo Santo António de Tanná ilikuja kuwaokoa waliozingirwa, nayo ikazama mwaka 1697 chini ya ngome yenyewe. Baina ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichunguza pale chini ya bahari, wakatoa vyombo vyake, na baadhi ya vyombo hivyo huonyeshwa katika makumbusho ya ngome.

Basi na aulize mwenye kudhani kuwa vita vile vilikuwa vya Waislamu upande mmoja na Wakristo upande wa pili: ni nani aliyeishika ngome katika siku zake mbaya kabisa, Wareno walipokwisha kufa kwa maradhi? Alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mwislamu, pamoja na jamaa zake, na Waafrika wachache, wanaume kwa wanawake. Faza ilikuwa na uadui wake na Pate, na Pate ilikuwa upande wa Waomani. Kila mji uliitazama ngome kwa jicho la ugomvi wake wa nyumbani. Hivyo ndivyo Wareno walivyoingia mwaka 1498, na ndivyo walivyoweza kukaa.

Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani waliingia. Ndani hawakukuta hata watu ishirini wenye kuweza kupigana. Siku chache baadaye merikebu za msaada zilitokea baharini, na manahodha wakaona juu ya ngome inapepea bendera isiyokuwa yao. Wakageuza tanga.

Wareno walirudi mara moja tena, mwaka 1728, kwa kutumia ugomvi mwingine wa wenyeji. Safari hii hapakuhitajika jeshi la ng'ambo. Watu wa Mombasa wenyewe waliwazuilia chakula, na mwezi wa Novemba 1729 Wareno wakatoka, wasirudi. Baada yao ngome ikawa mikononi mwa liwali wa Waomani, kisha ya Mazrui, hadi mwaka 1837 Sayyid Said wa Zanzibar alipowashinda. Mwaka 1875 Waingereza waliipiga kwa mizinga, kwa kuwa Akida wa ngome alikuwa amemwasi Sultani wa Zanzibar. Tangu mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya jela.

Wajuzi wa lugha husema kwamba neno gereza limetoka katika neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Ndani ya ngome mlikuwamo kanisa. Watu wa mji wakalichukua jina la nyumba ile wakaliita boma zima, na boma lilipokuwa mahali pa kufungia watu, neno likabeba maana hiyo. Mjenzi alidhani ameacha jina la ibada. Wenyeji wakaliacha lieleze waliyoyaona.

MJI WA LEO

Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa na ngome ikawekwa katika ulinzi wa serikali kama kumbukumbu ya kale. Ikatengenezwa kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na mchimbaji wa mambo ya kale James Kirkman akasimamia kazi. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Mgeni huvuka handaki, akapita chini ya lango, akatokea uani. Ataona kisima na birika la maji ya mvua, misingi ya kanisa, mizinga iliyolala kwenye mabuti ya ukuta, na nyumba ya Waomani yenye milango ya kuchonga. Ataona pia michoro ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, watu na ngome. Ni michoro ya watu waliochoka kungoja. Mtu aliyekwisha kukaa mbali na kwao ataitambua mara moja, awe wa dini gani.

Akitoka ngomeni ataingia Mji wa Kale. Njia iitwayo Ndia Kuu yaanzia karibu na ngome, nayo yatajwa kuwa miongoni mwa njia zilizokaliwa na Wareno. Lakini kwa macho hataona nyumba ya Mreno hata moja. Ataona baraza za mawe, roshani za mbao, na wazee waketio kwa mazungumzo baada ya Alasiri. Na ataona Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe mnene chini na mwembamba juu, ambao kuasisiwa kwake kwatajwa kuwa mwaka 1570. Hesabu na ifanywe: msikiti huo ni mkubwa kwa ngome kwa zaidi ya miaka ishirini. Wareno walikuja wakaukuta, wakaondoka wakauacha, na leo adhana yasikika pale pale, hali ngome huingiwa kwa tikiti.

Chakula nacho ni katika mambo ya kutazamwa, na si dhambi kukitazama kwa karibu. Asubuhi mgeni atapewa mahamri na mbaazi za nazi. Mchana kuna wali wa nazi na samaki wa kupaka, au pilau, au biriani. Alasiri wauza kahawa hupita na madele yao, wakagonga vikombe, na kahawa chungu hunywewa kwa kipande cha haluwa. Jioni, ufuoni karibu na Likoni, watu huketi wakitazama meli ziingiazo Kilindini, wakila muhogo wa kuchoma uliopasuliwa, ukakamuliwa ndimu na kutiwa pilipili na chumvi.

Huo muhogo ndio wa kuulizwa asili yake. Haukuwako Afrika Ibn Battuta alipopita. Ni mmea wa Amerika ya Kusini, na uliletwa Afrika na merikebu za Wareno. Pilipili kali iliyonyunyizwa juu yake ni ya huko huko Amerika. Mahindi ni ya huko. Maharage ni ya huko. Nanasi, papai, mapera, korosho, karanga na viazi vitamu, vyote asili yao ni ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, na vingi vyavyo vilitangulia kushuka katika bandari hizi kutoka katika merikebu za Wareno, vingine vikafuata baadaye.

Basi mtu wa Musinzira ataonaje? Amesafiri siku nyingi kuutazama mji uliotawaliwa na Wareno, na anakuta kwamba chakula walichokileta Wareno alikiacha jikoni kwake Gitega. Ugali wa muhogo, maharage, mahindi ya kuchoma, ndivyo vinavyomlea Mrundi, na hapana Mrundi avionaye kuwa vya kigeni. Maharage na mahindi yalikwisha kulimwa katika milima ya Burundi kabla Mjerumani hajafika. Hapana Mreno aliyeyapeleka huko. Mkulima alimpa mkulima mbegu, mke alizichukua kwa shemeji yake, kutoka kilima hadi kilima, bila ya mzinga na bila ya askari.

Na kama yalivyokwenda mazao ndivyo yalivyokwenda maneno. Meza, bendera, leso, kasha, foronya, mvinyo, karata: yote ni ya Kireno yaliyofanywa Kiswahili. Baadhi yake si ya kujivunia, maana Mwislamu hana haja na mvinyo wala na karata za kamari. Lakini neno ni neno. Kutoka Kiswahili mengine yameingia hata katika Kirundi. Mrundi asiyeijua bahari husema ameza na ibendera, na akila ipera au inanasi hamfikirii Mreno. Mizinga ya ngome haikuwa na uwezo wa kufika Voi. Meza imefika Gitega.

LISBON NAYO

Wala jambo hili si la Mombasa peke yake. Wareno wenyewe nchi yao iliwahi kuwa mikononi mwa Waislamu muda wa karne nyingi. Jiji lao kuu, Lisbon, lilitekwa na Wakristo mwaka 1147, na sehemu za kusini zikafuata mwaka 1249. Watawala Waislamu waliondoka. Lakini mtaa wa kale wa Lisbon hata leo huitwa Alfama, jina lenye asili ya Kiarabu. Mreno akitaka mafuta husema azeite, akitaka sukari husema açúcar, akitaka wali husema arroz, na kila ajuaye Kiarabu atayasikia humo azzayt, assukkar na arruzz. Manahodha waliokuja kuipiga Mombasa walikuwa wakila na kuzungumza kwa maneno waliyoachiwa na Waislamu, wala hawakujua. Na tangu mwaka 1985 Lisbon ina msikiti mkuu wake, ambamo Waislamu wa asili ya Msumbiji na kwingineko husali kwa amani.

LA KUZINGATIA

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wareno walikaa Mombasa karibu miaka mia moja na jembe hawakulishika. Walikaa ndani ya ukuta, wakatoza ushuru, wakawagonganisha wafalme. Kwa hiyo walipoondoka, mji haukuwalilia. Vitu vyao vilivyobaki ni vile ambavyo wenyeji walivichukua kwa hiari yao: mbegu, kitambaa, neno. Waomani waliokaa, wakaoa, wakazika na kuzikwa, wamebaki hadi leo kuwa watu wa Mombasa. Lakini utawala wao wa ngomeni ulipita kama wa Wareno, na wa Waingereza ukapita baada yao.

Fundisho hili lina uzito kwa Waislamu wa Gitega na Muyinga. Mara nyingi Mswahili wa Burundi ameitwa mgeni, kwa kuwa lugha yake ilitoka pwani na dini yake ilipita juu ya bahari. Jibu si kujifungia katika ukuta wa mtaa, maana ukuta umejaribiwa Mombasa na watu wenye mawe mengi na mizinga mingi, na habari yake imekwisha kusimuliwa. Jibu ni kushika jembe: kulima, kufundisha, kufanya biashara ya haki, kuuguza wagonjwa wa jirani, hata majirani wasikumbuke tena ni lini mtu huyu alikuja, kama wasivyokumbuka ni lini muhogo ulikuja.

Kijana atakayekwenda Mombasa na aitazame ngome yote, ale alicho halali, asali Mandhry, na aketi kwa wazee wa barazani awasikilize. Na kabla ya kupanda basi, na ayatazame kwanza ya kwao: Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyofunguliwa mwaka 1955, yamo katika mji wake, na boma la Wajerumani, walioanzisha kituo chao hapo mwaka 1912, nalo lina la kumweleza. Wao pia walikwenda zao, wakaacha neno shule. Asiyemwuliza babu yake habari za Gitega hatafahamu atakayoambiwa Mvita.

Wallahu aalam.